Goti Jipya na Kajiwe Kwenye Kiatu

Nyinyi mlioanza juzi kupuliza filimbi kwenye viwanja vyetu vya Kalemie mmeniomba niwape siri ya kazi. Mmekosea mtu. Mwenye siri ni yule anayejua alichokifanya. Mimi nimepuliza filimbi tangu ndevu zangu zikiwa chache na nyeusi. Nimebebwa juu kwa shangwe, nimerushiwa maganda ya miwa, na kuna siku nilitoroka uwanjani nimekaa nyuma ya baiskeli ya muuza mkaa, nimekumbatia gunia. Hayo yote nayaelewa. Lakini jambo lililonipata baada ya kuwekewa goti jipya, mpaka leo linanichanganya kichwa. Nitawasimulia lilivyotokea. Mkilielewa, njooni mnieleze. Nyumbani mnapajua.

Lenyewe ni hili. Kwa miaka mingi nilikuwa na goti bovu, na nilikuwa mwamuzi mzuri. Kisha nikapata goti zima, nikawa mwamuzi mbaya. Sasa niambieni, hesabu hiyo inakaaje?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila Papa Kitungwa hamtaelewa chochote. Papa Kitungwa ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa fundi wa reli, mzaliwa wa Mpala, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo usingeitarajia kwa mtu anayetakiwa kutuliza wanaume ishirini na wawili wenye hasira. Siku ya kwanza alinipeleka uwanjani, akanigeuza niupe mchezo mgongo.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini, Papa?"

"Muguu ikigonga mupira, iko na sauti yake. Muguu ikigonga muguu, iko na yake. Kama hauzijue, macho yako itakudanganya kila siku."

Nikasimama pale jua linanichoma kisogo, nikisikiliza, vijana wakinicheka. Ilinichukua muda mrefu, lakini nilizijua. Hata leo nikiwa nyumbani, watoto wakicheza nyuma ya ukuta, nasema "faulo" kabla aliyeumizwa hajaanza kulia, na Mama Feza, mke wangu, hunitazama kwa jicho la kuuliza nitapona lini.

Papa Kitungwa alinifundisha na mengine. Tazama kiuno cha mchezaji, usitazame mguu, kwa maana mguu unadanganya lakini kiuno huelekea anakokwenda kweli. Kabla ya mechi shika nyavu za goli kwa mikono yako mwenyewe, kona hadi kona. Nyavu zetu ni za wavuvi wa ndagala, zilizochoka ziwani zikaletwa uwanjani, na kila moja ina tundu lake. Mwamuzi mmoja, simtaji kwa kuwa yuko hai na ana mdomo, alikataa goli halali la shuti kali lililopasua wavu na kutokea nyuma, akasema mpira umepita pembeni. Watu wa mtaa wa timu iliyonyimwa walimshonea kipande cha wavu mlangoni kwake. Msalimie pia mama anayeuza maandazi kando ya uwanja, muulize habari za siku, kwa sababu yeye anajua ni mchezaji gani ameamka na pombe. Na kiangazi, saa upepo wa ziwani unapoanza, kipa wa upande wa ziwa akiinua mpira, wewe anza kuelekea upande wa kilima kabla haujashuka, maana upepo utausukuma mbali kuliko yeye alivyotaka.

"Mupira hauna akili," alikuwa akiniambia. "Ju ya nini unaufuata? Wewe njo uko na akili. Enda kule itafika, uingojee."

Na kuna jambo la maji. Nyinyi wa leo mnabeba chupa zenu kwenye mifuko, hamjui uzito wake. Uwanja wetu ni vumbi jekundu, na mechi ikiisha uso wa mwamuzi una rangi ileile ya uwanja. Walioshinda wanaondoka wakiimba, hawamkumbuki mtu. Desturi yetu tangu zamani ni kwamba walioshindwa ndio wanaomletea mwamuzi beseni la maji anawe. Wakileta, maana yake tumeumia lakini hukutuibia. Wasipoleta, unarudi nyumbani na vumbi lako, unapita sokoni hivyohivyo, na kila anayekuona anajua umefanya nini. Hakuna anayekutukana. Wanakutazama tu uso. Papa Kitungwa alisema filimbi ya mwisho haimalizi mechi, maji njo inamaliza, maji ndiyo mwisho. Katika miaka yangu nimerudi na vumbi mara chache, na kila mara nililala njaa kwa sababu chakula hakikupita.

Sasa tuje kwenye goti. Liliharibika polepole. Mchana nilipiga magoti chini ya mabehewa kwenye karakana ya reli, jioni nikakimbia uwanjani, na goti la kushoto likaanza kulalamika. Mwanzoni liliuma nikipanda ngazi. Baadaye liliuma nikishuka. Mwishowe likawa linauma hata nikiwa nimekaa nakula ugali na samaki wa mikebuka, bila sababu yoyote ya maana. Lakini nilipenda kazi, sikuacha. Nikawa natafuta namna ya kukimbia kidogo. Mpira ukielekea kushoto, mimi nilikuwa tayari nimeshakata katikati, maana nikichelewa ningelazimika kukimbia, na kukimbia kulikuwa moto. Nikawa nasimama mbali, pembeni, mahali ambapo nawaona wote wawili, anayekaba na anayekabwa, na nafasi iliyo kati yao. Watu wakasema Papa Arbitre, ndilo jina walilonipa, anaona mambo kabla hayajatokea. Mimi nilikuwa naogopa maumivu tu.

Ikafika siku goti halikukubali tena. Nilipiga magoti kanisani na sikuweza kuinuka, misa ikaisha, watu wakadhani nina maombi mazito. Binti yangu Riziki ameolewa Dar es Salaam. Akasema Papa, vuka. Nikavuka ziwa kwa boti hadi Kigoma, nikapanda treni, nikafika kwa daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na Kiswahili kilichonyooka kama shati la Jumapili.

"Mzee, goti lako limekwisha," akaniambia akiinua picha kwenye mwanga. "Mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Unafanya kazi gani?"

"Niko arbitre. Ya mupira."

"Mwamuzi? Kwa goti hili?" Akairudia picha, akanitazama tena mimi, akairudia picha.

Walinipasua, wakanipa goti la chuma na plastiki. Siku za mwanzo mguu ule niliuona kama mgeni aliyelala kitandani kwangu bila kujitambulisha. Lakini wale vijana wa mazoezi hawakuniacha, kunja, nyosha, kunja, nyosha, nikawachukia kabisa na sasa nawaombea. Siku ya kuagana daktari akaniambia nitatembea, nitaendesha baiskeli, na kama sina budi, nikimbie kidogo kwenye majani laini. Si kama kijana, akasisitiza. Nikamjibu ndiyo daktari. Sikumwambia kwamba kwetu majani laini yako pembeni ya ziwa, na yameliwa na mbuzi.

Niliporudi Kalemie nyumba haikukauka wageni. Kila mtu alitaka kulishika goti. Mawimbi, ambayo ni timu ya wavuvi wa ufukweni, walileta ndagala. Kilima, timu ya mtaa wa juu, nao wakasikia Mawimbi wameleta, wakaleta mikebuka mikubwa zaidi. Wote wakabonyeza, wakagonga kwa kidole kusikia kama linalia chuma.

"Sasa goti ya Tanzania itasifle kwa Kiswahili ya kule?" akauliza Mama Kalunga, kiongozi wa washangiliaji wa Mawimbi, mama wa maandazi mwenye ulimi ambao hata makipa wanauogopa.

"Itasifle sawa zamani," nikajibu, nikampulizia mluzi kama wa filimbi.

"Tutaona, Papa."

Nilipopata nafuu nikaanza mazoezi pamoja na Mwamini. Huyu mnamjua. Nilimfundisha mimi tangu anashika kibendera, sasa anapuliza filimbi kuliko wengi wenu, msinune. Asubuhi moja tulikuwa tunatembea kandokando ya reli, nikasema ngoja nijaribu. Nikakimbia. Nilikimbia kutoka nguzo moja hadi nyingine, na hakuna kilichouma. Nikarudi nikikimbia. Nikalia pale mbele ya Mwamini, mzee mzima, na sikuona haya. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje furaha ile. Ilikuwa kama wale ndama wa milima ya Pepa wanaofunguliwa zizi asubuhi, wanaruka bila kwenda popote.

Kwenye ligi kubwa umri wangu ulikuwa umeshanitoa. Zilibaki mechi za mitaa, na kamati yake inaongozwa na Papa Useni, mtu wa haki ambaye hasemi haraka. Aliniita.

"Papa, tutakupa Mawimbi na Kilima siku ya Mungu," akasema. "Tukiona iko sawa, filimbi inabaki kwako. Kama haiko sawa, utakuja kukaa na sisi kwenye viti."

Viti hivyo ni vile vya plastiki chini ya hema, wanapoketi wazee wa heshima wakipewa soda na kuulizwa habari za afya. Nilivitazama viti vile vikaniogopesha kuliko meza ya upasuaji. Mtu akishakaa pale, hainuki tena kuingia uwanjani. Nilikuwa nimevuka ziwa, nimepasuliwa mguu, ili nisikae pale.

Jumapili hiyo ikafika na nikakimbia. Nilikuwa kila mahali. Mpira ukienda kushoto nilikuwa nyuma yake, ukirudi kulia nilirudi nao, washangiliaji mwanzoni wakapiga makofi, ebu mutazame Papa. Kisha mpira ukanigonga mgongoni. Kisha mshambuliaji wa Kilima akanigonga kifuani, tukaanguka wote wawili, nikasikia mtu anauliza huyu mzee anacheza namba ngapi. Nikawa nasikia miguu lakini sijui ni ya nani, nimezungukwa na migongo na vumbi. Katikati ya vumbi hilo nikaona mkono, na mpira, na nikapuliza penalti dhidi ya Mawimbi. Mkono ulikuwa wa mshambuliaji mwenyewe wa Kilima. Uwanja mzima uliona. Nilijua nimekosea kwa namna walivyonyamaza kabla hawajapiga kelele, lakini wakati ule sikuwa na kitu kingine machoni cha kukipinga nilichokiona. Mwamini, aliyekuwa na kibendera upande wa pili, migongo ileile ilimzuia. Kilima wakafunga, wakashinda.

Nikasimama katikati ya uwanja nikingoja maji. Mama Kalunga alikuwa na beseni lake pale mbele ya meza ya maandazi, naliona. Akalitazama, akanitazama, akamwaga maji chini.

"Ile goti wairudishe kwa wenyewe," akasema.

Nikarudi na vumbi langu. Nilipita sokoni, nikapita mbele ya waendesha pikipiki wote wanaonijua, na wote walinisalimia kwa adabu sana. Ni heshima ile iliyoniumiza.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza, na nawaambia wazi, sikulala vizuri kwa majuma. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema dawa ya usingizi ya hospitali inakula macho. Nikaenda kupimwa macho, yakakutwa mazima. Shemeji yangu akasema chuma mwilini kinavuta kitu, hakusema kitu gani, ila alikisema kwa sauti ya chini sana. Katekista akasema ni majivuno. Mama Feza akasema, "Uko muzee, Papa, njo ile tu," akaendelea kuchambua mboga. Mimi mwenyewe niliwaza, labda sikuwahi kuwa mwamuzi mzuri, labda watu walikuwa wananihurumia kwa kuchechemea. Wazo hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ungeniuliza siku zile mimi ni nani, ningejibu kwanza habari za goti.

Mwamini ndiye aliyenijia na neno la maana, na alilileta akiwa anatazama chini.

"Papa, usikasirike."

"Sema, mutoto wangu."

"Zamani ulikuwa unasimama kule, unafika mbele ya mupira. Sasa unakimbia nyuma yake sawa mutoto wa shule ya primere. Wewe njo ulinifundisha nisifanye vile."

Nilikasirika. Kisha nikaona ni kweli, nikakasirika zaidi. Basi nikasema ni jambo rahisi, nitasimama mbali. Twende uwanjani vijana wakifanya mazoezi, nijaribu. Niliposimama pembeni, kichwa kikasema baki hapa, na mguu ukaondoka. Wallahi nawaambia, sikuutuma. Goti lile lilikuwa na furaha zake. Mpira ukipigwa, nashtukia niko katikati ya vumbi tena. Nilijaribu kuhesabu pumzi, nikajaribu kujisemesha kwa sauti hadi vijana wakaanza kunitazama. Mtu wa umri wangu anashindwaje kuuambia mguu wake usimame?

Papa Useni alikuja nyumbani akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema. Marudiano ya Mawimbi na Kilima yanakuja. Wengi kwenye kamati walitaka yapewe mtu mwingine, lakini yeye amewaambia mtu aliyepasuliwa anastahili mechi ya pili.

"Lakini ile njo ya mwisho, Papa," akasema. "Ikikataa, kiti yako iko tayari."

Siku chache kabla ya mechi hiyo nikawa tena mazoezini na vijana, nakimbia hovyo kama kawaida, jiwe dogo likaniingia kwenye kiatu cha kushoto. Likakaa chini ya kisigino. Nilikuwa nataka kulitoa lakini mpira ulikuwa unachezwa, nikaendelea nikichechemea. Na mara nikajikuta niko kwenye kona ya eneo la hatari kabla mpira haujafika. Niliona kila kitu. Mkono wa beki kwenye fulana, mguu wa mshambuliaji, nafasi kati yao, yote wazi kama sahani mezani. Nikapuliza, na vijana hawakubisha.

Nikatoa jiwe, nikalitazama. Kajiwe ka kawaida tu, keupe kidogo upande mmoja. Nikachezesha bila hilo, nikarudi vumbini nyuma ya mpira. Nikalirudisha kiatuni, nikarudi mahali pangu. Mwamini aliniona nikivua na kuvaa kiatu kando ya uwanja, akaja.

"Unafanya nini, Papa?"

Nikamweleza. Akafunika mdomo.

"Daktari alikupa goti muzuri ya bei, na wewe unatia majiwe mu viatu?"

"Usimwambie mutu."

"Nitamwambia nani? Watasema Papa ameharibika kichwa, na mimi nilikuwa naye."

Kwa hiyo niliendelea hivyo kila jioni mpaka mechi. Kisigino kikawa chekundu, kikavimba kidogo. Kama daktari yule angeniona angenirudisha Kigoma kwa miguu. Msifanye hivi, nasema tena, msifanye. Nawaeleza kilichotokea, siwafundishi.

Siku ya marudiano nikavaa viatu nyumbani, nikahisi pale chini ya kisigino panauma sawasawa, nikatosheka. Nikashika nyavu, kona hadi kona. Nikamsalimia Mama Kalunga, akaitikia kwa kichwa, akageuza maandazi yake. Papa Useni alikuwa chini ya hema, na kando yake kiti kimoja hakina mtu. Nilikiona. Nadhani kila mtu alikiona.

Niliingia nikichechemea, na mechi ikanijia yenyewe. Kipa wa upande wa ziwa akainua mpira, mimi nilikuwa nimeshaanza kuelekea kilimani, upepo ukaufikisha karibu na miguu yangu. Sikuguswa na mtu. Sikuanguka. Nilipuliza mara chache, na kila nilipopuliza niliwasikia watu wakisema "njo vile". Kilima wakapata goli safi kwa kichwa, hakuna wa kulisema.

Karibu na mwisho Mawimbi wakasukuma wote mbele. Kijana wao wa kulia, mwepesi sana, akaingia eneo la hatari, beki wa Kilima akajitupa, na kijana akaruka juu akaanguka uso kwenye vumbi. Upande mzima wa ufukweni ukainuka kwa sauti moja, penalti. Mimi nilikuwa kwenye kona ya eneo la hatari, mahali pangu pa zamani. Nilisikia mguu ukigonga mpira, sauti yake ileile, hakukuwa na sauti nyingine. Nikaona mguu wa kijana ukiburutwa chini kutafuta mguu wa beki, na kiuno chake kimeshaamua kuanguka kabla. Nikanyoosha mkono, kona.

Walinizunguka. Hao ndio watu niliowaibia mechi iliyopita, na sasa nawanyima tena mbele ya ndugu zao. Kapteni wao akaniuliza kwa sauti ya kulia, "Papa, tena sisi?" Nilijua kwamba kama nimekosea hapa, kiti kile cha plastiki ni changu, na uso wangu utapita sokoni mara ya pili na hautasahaulika. Nikamwambia kona, mwanangu, cheza. Wakapiga kona, ikatoka, nikapuliza ya mwisho.

Kilima wakaondoka wakiimba. Nikasimama katikati ya uwanja na vumbi langu, mikono imening'inia. Mwamini alisimama mbali kidogo, hakunitazama. Sijui nilingoja muda gani. Mama Kalunga alikuwa amewapa mgongo wachezaji wake, anapanga maandazi yaliyobaki kwenye sufuria, taratibu, kana kwamba hana haraka maishani mwake. Akamaliza. Akainama, akachukua beseni, akavuka uwanja wote peke yake, maji yakichezacheza.

"Nawa," akasema.

"Asante, Mama."

"Hasira niko nayo, usizani niko sawa. Lakini ule kijana alijiangusha mwenyewe. Nilimuona, njo mutoto wa ndugu yangu."

Nikanawa. Maji yalikuwa baridi na yakawa mekundu mara moja. Nilikaa na mikono ndani ya beseni muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa, kwa sababu sikutaka anione macho.

Nyumbani nikavua viatu mlangoni, nikamwita Mama Feza. Nilikuwa nimeamua kumwonyesha siri yangu. Nikakung'uta kiatu cha kushoto. Hakikutoka kitu. Nikaingiza mkono hadi kwenye vidole, nikainua soli ya ndani. Hakuna.

"Unatafuta nini?"

"Kulikuwa kajiwe."

"Kale ka mu kiatu? Nilikatupa asubui, nikisugua viatu yako." Alikuwa ameshika mwiko, ananishangaa. "Unafika muzee, na haujue kukung'uta viatu?"

Nikakaa kwenye ngazi. Asubuhi. Yaani kabla sijavaa. Mechi nzima nilichezesha nikiwa na kiatu kitupu, na nililihisi jiwe lile kila hatua, hata sasa naweza kuwaonyesha lilipokuwa. Mama Feza akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema sijui, na ulikuwa ukweli mtupu. Labda ni kidonda cha kisigino kilichonidanganya. Labda mguu ulikumbuka. Nilimuuliza Mwamini, akasema Papa, acha, umenawa, imeisha. Kwake imeisha.

Papa Useni alinipa mechi iliyofuata, alinipungia tu kutoka chini ya hema, na pale kwenye kiti kitupu alikuwa ameweka kofia yake. Siku hiyo nilikung'uta viatu mwenyewe, nikaingiza mkono, nikahakikisha hakuna kitu. Kisigino kilikuwa kimepona. Goti lilikuwa zima, la chuma, zuri, halina shida na mtu. Nikavaa, nikaingia uwanjani, na hatua zile za kwanza kuelekea katikati nilijikuta nachechemea. Nilijaribu kunyoosha, nikashindwa. Mawimbi walikuwa wanacheza tena, na Mama Kalunga alikuwa nyuma ya maandazi yake. Akanitazama nikivuka, mguu wa kushoto ukija nyuma kidogo, akamgeukia jirani yake na kumwambia kwa sauti iliyofika hadi katikati ya uwanja:

"Leo ataona muzuri."

Nikapuliza.